Lupango ya miti: historia ya uzio uliokatwa kwa makasi hapa Kolwezi

Hapa kwetu Kolwezi neno lupango lina maana mbili. Ni kiwanja ambamo nyumba imejengwa, na tena ni uzio unaokizunguka. Mtu akisema yuko kwa lupango, yuko nyumbani kwake. Leo ninaandika juu ya uzio huo, na hasa ule wa miti hai, iliyokatwa kwa makasi mpaka ikanyooka kama ukuta.

Sababu yangu ni mama mmoja wa hapa Manika. Yeye na watoto wake walihamishwa kutoka kartiye iliyochukuliwa na mgodi. Nilipomtembelea mahali anapokaa sasa, nilikuta mlangoni beseni la zamani limejaa udongo, na ndani yake vijiti kama thelathini vimesimama, vingine vimeanza kutoa majani. Nilimuuliza ni mboga gani. Akanieleza kuwa ni vijiti vya lupango yake ya zamani. Waliokuja kuhesabu mali waliandika nyumba, waliandika choo, waliandika mwembe na avoka mbili. Uzio wa miti, ambao mume wake aliupanda walipozaa mtoto wa kwanza, haukuandikwa. Kwa macho ya mhesabuji yalikuwa majani tu.

Ndugu wasikilizaji, tuone basi majani hayo yametoka wapi.

Desturi ya kukata miti ili ipate umbo ni ya zamani sana. Waroma wa kale walikuwa na mtumishi wa bustani wa kazi hiyo, aliyeitwa topiarius. Baadaye, katika bustani za wafalme na matajiri wa Ulaya, mti uliopendwa zaidi kwa kazi hii ukawa ule ambao Wafaransa na Wabelgiji wanauita if. Jina lake la kisayansi ni Taxus baccata. Unabaki kijani mwaka mzima, unakua polepole, na unaishi mamia ya miaka. Una tabia moja ambayo miti mingi ya jamii ya sipresi haina: ukiukata hadi kwenye mti mkavu wa zamani, unachipuka tena. Kwa hiyo mtunza bustani anaweza kuutengeneza kama mpira, kama mnara, kama ndege, na akikosea anaweza kuanza upya. Katika bustani za Versailles, Ufaransa, miti hiyo imekatwa kwa maumbo tangu karne ya 17. Kule Levens Hall, kaskazini mwa Uingereza, iko miti ya aina hiyo iliyopandwa miaka ya 1690 na inakatwa hadi leo. Watu wanaoikata sasa hawakuwaona waliopanda, lakini kazi ni ileile.

If ni mti wa nchi za baridi. Na ni mti wa sumu: majani, mbegu na gome vinaua mifugo na vinaweza kuua mtu. Kilichofika kwetu Katanga hakikuwa mti huo. Kilichofika ni ile desturi ya kunyoosha mistari.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo iliwachukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa au walitoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha njia. Ilitaka mfanyakazi akae muda mrefu, aje na mke, azae watoto. Ikajenga kambi zenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, ikatoa posho, shule na hospitali. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, mji wa migodi ya magharibi. Wazee wetu wakawa na msemo: Union Minière njo baba, njo mama. Lakini baba huyo alikuwa anatazama kila kitu, mpaka usafi wa nyumba.

Katika miji hiyo ya kampuni, uzio wa miti ulikuwa alama ya utaratibu. Upande wa Wazungu kulikuwa na nyumba kubwa zenye bustani, na kila bustani ilikuwa na boyi-jarden wake. Yeye ndiye aliyeshika makasi makubwa, akafunga kamba kati ya vijiti viwili, akakata kwa kufuata kamba. Uzio ulikuwa unasema nani anaingia na nani anabaki nje. Aliyeukata kila wiki alikuwa mmoja wa wale waliobaki nje.

Mimea iliyotumika haikuwa ya hapa. Duranta, yenye maua ya zambarau na vitunda vya manjano, ilitoka Amerika ya joto. Bugenvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Sipresi tunayoijua zaidi ilitoka Meksiko na nchi jirani zake. Lakini tukumbuke kwamba hata watu wa kambi walitoka mbali: Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo leo ni Zambia. Mimea na watu waliletwa na kazi, wakashika mizizi hapa.

Na boyi-jarden hakuacha ujuzi wake kwa Mzungu. Jioni alirudi kambini na vijiti vilivyokatwa, vile ambavyo vingetupwa. Akavipanda mbele ya nyumba yake. Hivyo ndivyo duranta ilivyovuka barabara, ikafika kwenye lupango za wafanyakazi. Hakuna sheria iliyohitajika. Kijiti cha duranta kikichomekwa kwenye udongo wa mvua kinashika.

Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Wakubwa wa kazi Wakongomani wakaingia katika zile nyumba kubwa, na uzio ukaendelea kukatwa. Ikaja vita ya siku themanini, 1977. Ikaja vita ya siku sita, Mei 1978, ambayo kila familia ya Kolwezi ina la kusimulia juu yake. Wageni wengi waliondoka. Miti ilibaki.

Kisha njaa. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994. Mshahara ukakawia, posho ikaisha. Katika malango ambapo kulikuwa na maua, watu walipanda muhindi, lengalenga na matembele. Uzio uliachwa kukua ovyo, au ulikatwa ukawa kuni.

Miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, majirani wetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Shaba nzima, na Kolwezi pia. Familia zililala stesheni zikingoja treni. Waliacha nyumba, na waliacha uzio walioupanda wenyewe. Wengine wamerudi baadaye na kukuta mtu mwingine anaukata. Nayaandika haya kwa sababu mtu hawezi kuzungumza juu ya kuhamishwa hapa Kolwezi kana kwamba kulianza jana.

Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliingizwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipokea fedha kidogo, na wengi walianza kuchimba au kuuza. Wakati huohuo Kanuni ya Madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje. Fedha ikarudi mjini, na pamoja nayo ukuta wa bloku. Aliyeweza kujenga ukuta aling'oa duranta. Mwaka 2014 katika kartiye Kasulo watu walianza kuchimba kobalti ndani ya lupango zao, mashimo kando ya jiko na chini ya sakafu. Hapo uzio ulipata kazi nyingine: kuficha shimo. Mwaka 2017 familia za sehemu moja ya Kasulo ziliondolewa ili eneo lipewe kampuni, na eneo hilo likazungushiwa ukuta.

Tangu hapo migodi imeendelea kusogea kuelekea nyumba. Mwezi Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya familia zilizoondolewa kwa nguvu au bila fidia ya kutosha kwa sababu ya migodi ya shaba na kobalti. Wengi wenu mnaosoma mnayajua hayo bila ripoti.

Sasa narudi kwa yule mama na beseni lake. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Anachobaki nacho raia ni haki ya kukaa, pamoja na alichojenga na alichopanda juu ya udongo huo. Kanuni za madini zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2018 zina sehemu nzima juu ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwakalisha upya. Basi ikiwa udongo si wetu, alichopanda mtu kina uzito mkubwa kuliko tunavyofikiri. Nyumba ya bloku inajengwa kwa miezi michache. Uzio wa duranta uliofungamana mpaka kuku hapiti unataka miaka minne au mitano ya kukatwa na kumwagiliwa. Uzio wa sipresi unataka zaidi. Na mstari wa uzio wa miti ni mpaka ambao majirani wote wawili waliukubali, kila mmoja akikata upande wake. Shina nene kama mkono linaonyesha kwamba mwenye lupango hakufika juzi.

Kwa hiyo, kwa familia ambazo bado ziko mahali pao na zinasikia habari za kuhesabiwa: piga picha uzio wako, pande zote nne, ukiwa umesimama kando yake ili urefu uonekane. Pima kwa hatua au kwa futi, andika aina ya mti na mwaka ulioupanda. Siku ya kuhesabu, omba uandikwe katika fomu kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala. Sisemi kwamba utalipwa. Nasema kitu kisichoandikwa ni rahisi kukikana.

Na kwa waliokwisha kuhama, haya ndiyo tuliyorithi kutoka kwa wale boyi-jarden.

Kata vijiti vya duranta au bugenvilia, urefu wa kiganja na nusu, mvua zinapokuwa zimeshika, mwezi wa Novemba au Desemba. Toa majani ya chini, zika nusu ya kijiti. Kwenye mstari wa uzio acha nafasi ya sentimita 30 hadi 40. Miche ikifika magotini, ikate vichwa. Inauma kuona, lakini ncha ya juu ndiyo inayozuia machipukizi ya pembeni. Ukiiondoa, mti unajaza chini. Kata uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ukifanya kinyume, chini panakauka na mbuzi wanapita. Ukate kwa mara ya mwisho Machi au Aprili, mvua zikielekea kuisha. Kiangazi kikikaza, uache upumzike, na kama una maji ya kuogea yaliyobaki, yamwage juu ya majani yaliyofunikwa na vumbi la barabara ya mgodi.

Sipresi ina sharti lake: usikate kupita sehemu ya kijani. Haina tabia ya if. Penye mti mkavu haichipuki tena. Tena ina adui, chawa wa sipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 kisha akaenea Afrika ya Mashariki yote na kukausha uzio mwingi. Wenye watoto wadogo wajue pia kwamba vitunda vya duranta ni sumu, na maziwa ya mnyaa yanaharibu macho.

Anayetaka mti wa Afrika unaofanana na if anaweza kutafuta podo. Majani yake ni membamba na ya kijani mwaka mzima, unakubali makasi, lakini unataka subira.

Nilipoagana na yule mama nilimuuliza atavipanda wapi vijiti, maana anapokaa sasa ni pa kupanga na mwenye nyumba ana ukuta. Alisema vitakaa kwenye beseni. Atavikata vichwa vikifika magotini, na akipata lupango yake, vitakuwa tayari. Kabla sijaondoka alinipa vitatu. Nimevipanda nyuma ya studio, upande wa bomba la maji, na kimoja kimeshika.