Taya Lililohamia Sikioni

Weka kidole mbele ya tundu la sikio lako, kisha fungua na kufunga mdomo. Kinachocheza chini ya ngozi ni kiungo cha taya. Nyuma yake kidogo, ndani ya fuvu, vimejificha vifupa vitatu vinavyopokezana sauti kutoka kwenye kiwambo cha sikio: nyundo, fuawe na kikuku. Mjusi, kenge na mamba wana kimoja tu, kile cha tatu. Wao taya la chini limeungwa kwa mifupa kadhaa. Sisi, kama ng'ombe na popo, letu lote ni mfupa wa aina moja. Nyundo na fuawe zetu ndizo zilizokuwa kiungo cha taya la mababu wa mamalia.

Jambo hilo liligunduliwa kabla ya mtu yeyote kuwa na fuvu la kulithibitisha. Mwaka 1837 Karl Reichert, mwanaanatomia wa Kijerumani, alichunguza viinitete vya nguruwe akaona nyundo na fuawe zikichipuka penye mzizi wa taya, mahali pale pale ambapo kwa mjusi pangeota kiungo. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilikuwa bado miaka 22 kutoka. Reichert alijua mifupa ipi inalingana na ipi, ila kiinitete hakina tarehe. Iwapo kweli kulikuwa na wanyama walioishi katikati ya safari hiyo, ilibidi watafutwe kwenye miamba.

Miamba yenyewe ilianza kusema Afrika Kusini. Andrew Geddes Bain, Mskoti aliyekuwa akichonga barabara, aliokota mwaka 1838 mafuvu ya ajabu katika nyanda za Karoo, yenye meno mawili tu yaliyochomoza kama pembe. Yalipofika London, Richard Owen aliyapa mwaka 1845 jina Dicynodon, akaona ndani yake mtambaazi mwenye dalili za mamalia. Baada yake akaja Robert Broom, daktari Mskoti aliyehamia huko mwaka 1897, mtu wa suti nyeusi na kola ngumu hata juani jangwani. Alitangaza spishi mpya kwa pupa, na wataalamu wa baadaye wamekuwa na kazi kubwa ya kuzifuta nyingi kati ya hizo. Lakini ni yeye, kuliko mwingine yeyote, aliyewashawishi wenzake kwamba wanyama wa Karoo wako kwenye mstari uliotuleta sisi.

Tatizo lilikuwa kuona ndani. Fuvu la kisukuku limejaa jiwe, na jiwe hilo mara nyingi ni gumu sawa na mfupa. Huko Oxford, William Sollas na binti yake Igerna walichukua njia ambayo leo ingemtia mtunza makumbusho homa: walilisaga fuvu la Dicynodon tabaka baada ya tabaka, wakiuchora kila uso mpya kabla ya kuusaga nao. Mwisho wa kazi walikuwa na picha kamili ya njia za neva na mishipa ya damu. Fuvu halikuwapo tena. Sidhani walikosea. Fuvu zima lisilosomeka lingebaki kabatini kama pambo.

Tanganyika iliingia katika kisa hiki kupitia bonde la Mto Ruhuhu, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Mwanajiolojia G. M. Stockley alitoa habari za mifupa ya huko mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge akafika kukusanya. Ernst Nowack alifuata muda mfupi baadaye, kisha msafara mkubwa wa Waingereza mwaka 1963. Wenyeji walibeba mizigo na kuonyesha njia, na mara nyingi ndio waliojua mifupa iko korongo gani. Majina yao ni nadra kuyakuta katika maandishi ya kitaalamu. Mafuvu yakaenda Cambridge, London na Tübingen. Ndiyo maana kwa miongo mingi mwanafunzi wa Songea aliyetaka kuona mnyama wa kwao wa enzi ya Triasi alihitaji viza. Misafara ya karne hii, inayowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Marekani, imeweka utaratibu mwingine: mifupa husomwa nje, kisha makao yake ya kudumu ni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Katika mafuvu ya Ruhuhu na Karoo ndiko wanasayansi walikojifunza kusoma taya la sinodonti, kundi ambalo mamalia ni tawi lake. Chukua Thrinaxodon wa Karoo, mwenye fuvu linaloenea kiganjani. Mfupa unaobeba meno umepanuka na kupanda juu hadi karibu na shavu, kwa sababu misuli ya kutafuna imejishika humo. Mifupa ya nyuma, iliyokuwa sehemu kubwa ya taya kwa mababu zake, imebaki vijiti vyembamba vilivyolala kwenye mfereji. Bado ndiyo inayoshika kiungo, na hapo hapo inapokea mitetemo. Kadiri ilivyopungua uzito ndivyo ilivyoweza kutikiswa na sauti nyembamba, kama mlio wa mdudu usiku, na kwa mnyama mdogo mla wadudu hiyo haikuwa faida ndogo.

Wapinzani waliuliza swali la haki: kiungo kitahamaje bila mnyama kufa njaa taya likiwa halina mahali pa kujishika? Jibu lilikuja kwenye mwamba. Mwaka 1958 Fuzz Crompton alieleza Diarthrognathus wa Afrika Kusini, mwenye viungo viwili kwa pamoja, kile cha kale na kile kipya, ubavu kwa ubavu. Morganucodon alikuwa na hali hiyo hiyo. Huyu alipewa jina na Walter Kühne mwaka 1949 kutokana na vipande vidogo mno vya Wales. Fuvu lake zuri lilitoka Lufeng, China, likatangazwa mwaka 1963 na padri Mmarekani Harold Rigney, ambaye katikati hapo alikuwa amefungwa jela China kwa miaka kadhaa. China hiyo hiyo ilitoa mwaka 2007 Yanoconodon, wa miaka milioni 125 hivi, ambaye vifupa vya sikio lake vimekwisha kuwa vya kimamalia lakini bado vimeshikana na taya. Mtoto wa oposamu huzaliwa hivyo hivyo leo.

Siku hizi fuvu halisagwi. Hupitishwa kwenye mashine ya CT, ile ile ya hospitali au yenye nguvu zaidi, na kompyuta hulitenganisha jiwe na mfupa. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Ricardo Araújo lilipima mifereji midogo ya sikio la ndani, ile ya kutunza mizani ya mwili, likahitimisha kwamba damu ya moto ilianza kwa mababu wa mamalia yapata miaka milioni 233 iliyopita. Wapo wanaoubishia ushahidi wa aina hiyo, na mabishano hayajaisha.

Kwa muda mrefu mpaka ulikuwa rahisi: mwenye kiungo kipya ni mamalia, asiyenacho si mamalia. Mwaka 2024 mafuvu ya Brazil yaliuvuruga. Riograndia, sinodonti mdogo wa enzi ya Triasi, anacho kiungo kipya. Brasilodon, aliye ndugu wa karibu zaidi wa mamalia, hana. Kwa hiyo kiungo hicho kilizuka zaidi ya mara moja, na wale wanaotaka kuchora mstari kati ya mamalia na wasio mamalia itabidi wautafutie mfupa mwingine.