Feza ya kwetu ilipokatazwa mpakani

Wandugu, mwezi uliopita, tukisindikiza wenzetu kutoka Kasumbalesa mpaka huku Hewa Bora, tulimkuta mama mumoja ameshona dola ndani ya kitenge. Tulipouliza sababu, akajibu: "Njo vile baba alitufundisha."

Baba yake hakuogopa bure. Mwisho wa Desemba 1979, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimekufa. Mipaka ikafungwa. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichopimwa. Walitaka kuua noti zilizokuwa nje, mikononi mwa wenye magendo. Lakini mukimbizi wa vita za Shaba, 1977 na 1978, aliyeweka akiba yake ya zaire ngambo ya mpaka, naye alibakia na makaratasi. Feza ya kwenu, na haiingii kwenu!

Tena 1999 Mzee Laurent-Désiré Kabila akakataza biashara ya dola, mpaka mwana wake Joseph alipoiachilia 2001.

Leo OFIDA imekuwa DGDA, na dola haikatazwi; masharti njo kwa ile inayopita 10,000. Mukiulizwa, semeni. Mwenye kuficha anatetemeka, na mwenye kutetemeka njo anaombwa matabishi.

Mama alifumua kitenge pale pale ndani ya basi. Mulikuwa dola 60, na noti moja nzee ya zaire 10.