Jembe na Kitabu: Habari za Shule ya Shamba ya Bagamoyo

Wakati wa Jubilei twakumbuka makanisa yaliyojengwa na wakubwa waliotuongoza, na ni haki kuwakumbuka. Lakini iko kazi moja ya zamani isiyoandikwa juu ya jiwe lolote, nayo ni kazi ya watoto walioshika jembe na kitabu pamoja. Habari zao zaanzia Bagamoyo, nazo zatuhusu sisi sote wa pwani hii, tangu Bagamoyo hata Pangani na Tanga.

Mwaka 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre na masista. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, akaja Padre Antoine Horner kuiongoza. Siku zile soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi bado. Wamisionari walinunua watoto sokoni, wakawatoa katika utumwa. Na wengine waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya wachuuzi wa watu. Watoto walifundishwa kusoma, tena useremala na uhunzi. Lakini mjini Unguja nafasi ya kulima ilikuwa haba, na watoto walizidi kuongezeka. Basi mwaka 1868 mapadre walivuka bahari, wakapata ardhi kaskazini ya mji wa Bagamoyo, wakaanza kufyeka.

Ndipo ilipoanza shule ya shamba. Siku iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi ya mikono. Watoto walitoka pande nyingi za bara, kila mmoja na lugha yake, na wengi hawakumjua hata mwenzao mmoja wa nyumbani. Darasani walijifunza herufi. Shambani walijifunza kupanda mihogo, kupalilia, kutambua dalili za mvua, na kuishi pamoja. Wasichana, chini ya masista, nao walilima, tena wakajifunza kushona na kupika.

Zao kubwa lilikuwa mnazi. Kila mwenyeji wa pwani ajua kazi yake: nazi iliyokomaa hulazwa kivulini mpaka ichipue, kisha huchimbiwa shimo, hupandwa kwa nafasi, na mche hulindwa na wanyama na magugu. Baada ya hayo hakuna dawa illa kungoja. Kidaka hakionekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Hupita miaka sita au zaidi ndipo mtu apate dafu, kisha nazi. Hebu fikiri, msomaji, jambo hilo lilikuwa na maana gani kwa mtoto aliyeuzwa. Alikuwa amehamishwa kutoka mkono hata mkono, pasipo kujua kesho atalala wapi. Sasa aliambiwa apande mti utakaozaa akiwa mtu mzima. Kupanda mnazi ni kusema: hapa nitakaa.

Lakini miaka ya mwanzo ilikuwa ya majaribu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilipita Unguja na pwani, kikaua watu wengi sana. Tena mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo, ikaangusha majengo ya misheni na kuharibu mashamba. Kazi ya miaka minne ikalala chini kwa siku moja. Wakaanza upya, watoto na mapadre, kufyeka na kupanda mahali pale pale.

Vijana walipokuwa wakubwa walioana, na kila nyumba ikapewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima. Kijiji cha Wakristo kikasimama kando ya misheni. Siku nyingine walifanya kazi ya misheni, na siku nyingine kazi ya shamba lao wenyewe. Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa barani mwaka 1877, baadhi ya nyumba hizo zilikwenda pamoja na mapadre. Hao walikuwa wajenzi na wakulima wa misheni mpya. Tena katika vita vya Abushiri, mwaka 1888 na 1889, maelfu ya watu wa Bagamoyo na jirani walikimbilia ardhi ya misheni wapate usalama. Mahali palipoanza kwa watoto wasio na kwao pakawa kimbilio la wenye mji.

Walakini haifai tuzisimulie habari hizi kama kwamba hazina kasoro. Watoto wale hawakuchagua kuja Bagamoyo. Jasho lao ndilo lililosaidia kuilisha misheni, na nidhamu ilikuwa kali. Wengine walinung'unika, wengine walitoroka. Hatuwezi kuwalaumu: mtu aliyeonja utumwa hutazama kwa mashaka kila mkono unaomwamuru kulima. Swali lao lilikuwa la haki, nalo ndilo swali la kila shule ya shamba: je, kazi hii yamfundisha mtoto, au yamtumia tu?

Swali hilo lilifuata njia hiyo kila ilipokwenda. Waanglikani walinunua shamba la Mbweni, Unguja, mwaka 1871, wakaweka huko watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na shule pamoja nao. Katika milima ya Usambara, Watrapisti walifika Gare mwaka 1897, watu ambao kanuni yao ni sala na kazi. Na mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba lake; lakini alionya kwamba wanafunzi wapate kuelewa kazi, kushiriki katika kuipanga, na kuona faida yake, wasiwe vibarua.

Ninyi walimu mtapima wenyewe. Mara nyingi twaona mtoto aliyechelewa au aliyekosa akipewa jembe kuwa adhabu. Halafu twashangaa vijana wakikimbia mashamba! Tukilifanya jembe kuwa fimbo, twamfundisha mtoto kwamba kulima ni aibu, hata kama baba yake na mama yake wamemlisha kwa jembe hilo hilo. Afadhali bustani ndogo ambayo mtoto apima mistari yake kwa hesabu aliyojifunza asubuhi, aandika siku aliyopanda na siku mbegu ilipoota, kisha avune na kula pamoja na wenzake. Hapo jembe na kitabu vyasaidiana.

Wale wa kwanza wa Bagamoyo wengi hatuyajui majina yao waliyopewa na mama zao. Hata wenyewe labda wengine waliyasahau. Tuwakumbuke katika Jubilei hii, kwa shukrani kwa ajili ya miti waliyoipanda, na kwa kuhakikisha kwamba kila mtoto tunayempa jembe leo ajua kwa nini amepewa, na ana sehemu yake katika mavuno.