Mgeni Mezani: Korogwe na Handeni

Ugali na maharage anaowekewa mgeni kwenye migahawa ya stendi ya Korogwe hauelezeki bila posho ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaifuata, Magunga, Ngombezi na mengineyo. Mkonge nao ulikuwa mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu mwaka 1893, na uzao wake ukafunika bonde zima la Mto Pangani. Waukate nani? Watu wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya ajira ya mashamba ya mkonge, ikawa inawaandikisha kwa mikataba. Kila kabila lilikuja na mapishi yake, lakini shamba liliwapimia wote unga uleule. Ndiyo maana Korogwe, mji wa Wazigua na Wasambaa, unalisha watu wa kila pembe bila kuwauliza kwao wapi.

Chakula cha zamani zaidi kiko mtoni. Pangani una perege wake, na mmoja wao anabeba jina la mji huu hata katika vitabu vya sayansi: Oreochromis korogwe, aliyeelezwa na Mwingereza Rosemary Lowe mwaka 1955. Ningemshauri mgeni asiridhike na chipsi za kandokando ya barabara kuu. Aulize kama kuna perege wa mtoni, apikiwe kwa tui la nazi, na mezani awekewe bada, ugali wa muhogo unaopendwa mkoa mzima wa Tanga.

Ukivuka kuelekea Handeni, ardhi inakauka na mapishi yanabadilika. Uzigua ni nchi ya mahindi, na mahindi hutegemea mvua isiyotabirika. Katika miaka ya 1830 njaa iliwabana Wazigua hata wengi wakashuka pwani, wakaishia utumwani Somalia. Wajukuu wao wa bonde la Juba wamekitunza Kizigua hadi leo. Sidhani mtu anaweza kuielewa heshima ya chakula Handeni akiisahau njaa ile na zilizoifuata. Muhogo unaachwa ardhini kama akiba, kisamvu kinatwangwa, mlenda unachumwa mvua zikianza. Hakuna kinachodharauliwa.

Na hapa adabu ina uzito. Ukiwakuta watu wanakula, utaitwa: "Karibu chakula." Kukataa kavukavu ni kuwavunjia heshima. Nawa, onja tonge moja, ushukuru. Maji humiminwa na mdogo, mkubwa na mgeni wakitangulia kunawa. Kwenye sinia la pamoja unakula kwa mkono wa kulia, upande wako, na kitoweo hukigusi mpaka mwenyeji akukaribishe au akugawie. Mwezi wa Ramadhani, usile hadharani mchana. Subiri futari, ambayo mihogo na viazi vyake vya nazi vinastahili kusubiriwa.

Siku ya gulio ni tofauti. Wamasai wanaleta mbuzi na ng'ombe, moshi wa nyama choma unatanda, na supu inaanza kuuzwa alfajiri. Wazigua wanauza mahindi na asali, Wasambaa wanashusha ndizi na mboga za mlimani. Mgeni atakayefika asubuhi, kabla jua halijawa kali, atakula vizuri kuliko anayengoja mchana, kwa sababu nyama nzuri huisha mapema.