Watakatifu wa Karatasi: Kazi ya Wachongaji wa Ufaransa

Ndugu zangu tuliokalia madawati yale yale, bila shaka mnavikumbuka vijipicha vya watakatifu tulivyovihifadhi katikati ya vitabu. Mimi bado ninacho kimoja, pembe zake zimeliwa na mende. Naomba niwasimulie kwa ufupi asili ya vitu hivi.

Katika karne ya 17, mtaa wa Rue Saint-Jacques mjini Paris ulijaa maduka ya wachapaji wa picha. Fundi alichonga bamba la shaba kwa kalamu ya chuma, kila kitu kinyume, maana karatasi hugeuza kushoto kuwa kulia. Wino ulijazwa katika mifereji, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake. Bamba moja lilitoa nakala nyingi. Hivyo tajiri aliagiza picha ya rangi za mafuta, na mtu wa kawaida naye akapata mtakatifu wake wa karatasi.

Bingwa mmoja alikuwa Jacques Callot, mzaliwa wa Nancy katika Lorraine, nchi iliyokuwa na mtawala wake. Yeye alipaka bamba vanishi ngumu, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba palipochorwa. Mwaka 1633 majeshi ya Ufaransa yaliiteka Nancy. Mwaka huo huo zilitoka picha zake 18 za maafa ya vita: vijiji vikichomwa, watu wakinyongwa mitini. Mkono huo huo ulichora pia watakatifu wa siku zote za mwaka. Callot alifariki mwaka 1635, na kitabu hicho cha watakatifu kikatolewa Paris mwaka 1636. Tusidhani basi kwamba picha hizi zilikuwa mapambo tu. Zilichorwa katika nchi ambayo watu wake walihitaji mwombezi kweli kweli.

Naye Claude Mellan, mwaka 1649, alichonga uso wa Yesu katika kitambaa cha Mtakatifu Veronika kwa mstari mmoja tu, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka hadi pembeni. Vivuli vyote vilipatikana kwa kuunenepesha na kuukondesha mstari huo.

Baadaye kazi hii ilishuka hadi vijijini. Mjini Épinal, Jean-Charles Pellerin alianzisha kiwanda chake mwaka 1796, akichapa kwa mbao zilizochongwa na kutia rangi kwa violezo. Wachuuzi walizitembeza picha hizo wakiwa wamezibeba mgongoni.

Picha za Mellan leo zimo katika majumba ya makumbusho. Zile za wanyonge nyingi zimepotea, kwa kuwa zilibandikwa ukutani, zikashikwashikwa, zikachakaa. Ndugu, kuchakaa huko si aibu. Ni ushahidi kwamba zilitumika. Nami kile changu cha mende sikitupi.