Mzimu, Lwembe na Nsyuka: riwaya ya upelelezi ilivyolelewa na imani za jadi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa mzimuni. Katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, zawadi ya kwanza ilimwendea Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kama kitabu mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali ambapo wenyeji huweka nadhiri na sadaka, na wengi hawana shaka kwamba wazee waliolala hapo ndio waliomwadhibu. Mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, anakataa jibu hilo na kumtafuta muuaji mwenye damu na nyama.

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuingia magazetini na kuhariri jarida la Mkulima, alikuwa mkaguzi wa afya, na kazi ile ya kupita nyumba kwa nyumba inaonekana katika jicho lake la vitu vidogo. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi, jina lililotoka katika simulizi za Zanzibar kuhusu makutano ya wachawi. Msa hana imani na mizimu, lakini kila mara huanza kwa kuuliza nani anaiamini na nani ananufaika na imani hiyo.

Waliofuata walihamia mjini. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Wasomi waliviita vitabu hivyo fasihi pendwa, na wengine walivibeza kuwa ni uigaji wa riwaya za Magharibi. Ubezaji huo ulipita kiasi, maana vitabu hivyo ndivyo vilivyowapa vijana wengi hamu ya kusoma. Hata hivyo, bastola na magari ya kasi vilipoingia, mzimu ulitoka.

Kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, Ulaya imeonyesha. Mwandishi Dolores Redondo alimweka polisi Amaia Salazar wa trilojia yake katika bonde la Baztán, nchi ya Wabasque, ambako wasichana wanauawa na kuachiwa keki ya kienyeji ya txantxigorri juu ya miili yao, na watu wa bondeni wanamtaja Basajaun, jitu la msituni lenye manyoya. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 2013. Mwongozaji Fernando González Molina alizigeuza zote tatu kuwa filamu kati ya 2017 na 2020.

Mbeya ina hazina ya namna hiyo, na ni nzito zaidi. Kutoka Mwanjelwa, jijini Mbeya, gari la Tukuyu linashika barabara kuu hadi Uyole, kisha linakata kusini kuelekea Rungwe. Huko, kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson waliandika imani za Wanyakyusa kwa undani usio na mfano. Katika simulizi walizokusanya, mchawi ana chatu tumboni, na wapo watetezi wa kijiji, abamanga, wanaowaona wachawi usiku na kupambana nao. Mtu akifa kifo cha kutiliwa shaka, maiti ilipasuliwa ili kutafuta dalili. Mtuhumiwa alinyweshwa umwafi, dawa ya kiapo: akitapika, hana hatia. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku kiapo hicho, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania.

Nzito kuliko yote ni habari ya Lwembe, mtemi mtakatifu wa Lubaga, karibu na Tukuyu. Uhai wa mashamba, mvua na watu ulihesabiwa kuwa ndani ya mwili wake, hivyo hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Alipozidiwa, wazee wake walimziba pumzi. Kabla hajakata roho waling'oa nywele na kucha zake na kuzificha kwenye tope la mto, rutuba isije ikaondoka naye. Cheo hicho kiliogopwa, na aliyechaguliwa ilibidi akamatwe. Ni mauaji yanayotendwa kwa heshima, na wauaji wanaojulikana na kijiji kizima bila yeyote kuwataja kwa mgeni. Mpelelezi wa riwaya angekuta hapo kesi ambayo kila shahidi ni mshirika. Monica Wilson aliieleza katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1959, na mtunzi hahitaji kuongeza kitu.

Skrini ilichukua kidogo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanda za VHS kutoka Nigeria zilipojaa kwenye mabanda ya video nchini, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza filamu ya kutisha iitwayo Nsyuka, jina linalotokana na abasyuka, wafu wa Kinyakyusa. Ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za kutisha za Bongo, na kumweka mfu wa Kusini badala ya shetani wa Lagos ulikuwa uamuzi wa maana.

Wakati huohuo Mbeya ilikuwa na hofu yake ya kweli. Kuanzia mwaka 1999 magazeti yaliripoti watu waliouawa na kuchunwa ngozi mkoani humo, na ngozi hizo zikasemekana kuvushwa mpakani kwa ajili ya dawa za utajiri. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliona katika habari hizo uchungu wa watu waliohisi kwamba kwenye soko huria kila kitu kimepewa bei. Riwaya kubwa kuhusu miaka hiyo, yenye familia za waliouawa na polisi wa mpakani Tunduma, ni deni ambalo waandishi wa Nyanda za Juu Kusini wanastahili kusaidiwa kulilipa.

Njia ya kutoka kitabuni hadi kwenye sinema ipo. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Nyaraka za akina Wilson zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town, na vitabu vyao viliandikwa kwa Kiingereza. Maktaba ya mkoa wa Mbeya na vyuo vya jiji vingeanza kwa kuleta nakala na kuzitafsiri, ili mwandishi anayekulia Mwanjelwa asome habari za Lubaga bila kuvuka mipaka mitatu.