Kiraka cha Excel: Historia Fupi ya Nyufa Zinazokula Kumbukumbu Zetu

Wiki hii viwavijeshi na mbolea tuviweke kando kidogo, tuzungumzie kompyuta. Ni mambo ya shamba pia, kwa sababu siku hizi orodha za wakulima, hesabu za AMCOS na rekodi za chanjo ya mifugo zinakaa kwenye lahajedwali, ambayo wengi wetu tunaiita Excel.

Niliamua kuandika haya baada ya kupata somo. Miaka michache iliyopita, wiki mbili kabla ya mvua za vuli, jamaa aliniletea flashi yenye faili la bei za mazao. Nikafungua, ukatokea ujumbe wa kuuliza kama naruhusu makro. Nikaruhusu bila kusoma. Kesho yake orodha yangu ya wakulima haikufunguka, wala faili jingine lolote. Fundi mmoja hapa Manundu aliniuliza swali moja tu: "Afisa, Office hii ni ya mwaka gani?" Ilikuwa ya 2007. Kiliniokoa kile daftari cha karatasi. Nilikaa siku nne nikiandika upya jina kwa jina.

Baada ya hapo nikasoma historia ya jambo hili. Excel ilitoka mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka 1987 ikaingia kwenye Windows. Ina pia makro, yaani maagizo madogo yanayofanya kazi yenyewe ndani ya faili. Ni msaada mkubwa kwa mhasibu. Lakini faili linaloweza kutoa maagizo linaweza pia kutoa maagizo mabaya. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilienea kupitia faili za Word. Julai 1996 kikaonekana Laroux, kirusi cha kwanza cha makro kusambaa kupitia Excel. Laroux hakikufuta kitu. Kilijinakili tu kwenye faili liitwalo PERSONAL.XLS, kisha kila kitabu kipya ulichofungua nacho kikaambukizwa. Ni kama kuku mmoja mgonjwa kuingizwa bandani.

Makro ni mlango ambao mwenye nyumba anaufungua mwenyewe. Upo na mlango wa pili, mbaya zaidi: ufa ndani ya programu yenyewe. Hapa hakuna anayekuuliza kitu. Ukifungua faili tu, umeshaingiliwa.

Mfano mzuri ni wa Novemba 2017. Ndani ya Office kulikuwa na kijiprogramu cha kuandikia kanuni za hesabu, kilichotengenezwa mwaka 2000. Kilikuwa na ufa ambao ulikaa miaka 17 bila kuzibwa. Microsoft walipotoa kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa, wahalifu walianza kuutumia ufa huo ndani ya siku chache dhidi ya watu ambao hawajasasisha. Januari 2018 kampuni ikakiondoa kabisa kijiprogramu hicho. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye wahalifu waliendelea kutuma mafaili ya kuutafuta ufa huohuo, kwa sababu walijua kuna kompyuta nyingi ambazo hazijawahi kupata kiraka.

Hapa ndipo penye fundisho. Kiraka kikitoka, ufa unajulikana kwa wote, mwema na mwizi. Kuanzia siku hiyo asiyesasisha yuko hatarini kuliko jana. Mwaka huohuo wa 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye ufa wa Windows na kufunga mafaili katika nchi zipatazo 150, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kilianza tarehe 12 Mei. Kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi.

Wafugaji wa kuku watanielewa haraka. Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hatusemi "nilichanja mwaka juzi". Microsoft nao, tangu Oktoba 2003, hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Sisi tunazima masasisho ili kuokoa bando. Bando la wiki moja na orodha ya kata nzima, kipi ghali?

Na orodha hiyo si yetu. Ina majina, namba za simu na ukubwa wa mashamba ya watu waliotuamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai tuzilinde.

Cha kufanya:

1. Angalia toleo lako. Office 2007 iliacha kupata viraka Oktoba 2017, Office 2010 Oktoba 2020, na Office 2016 na 2019 Oktoba 2025. Toleo lililoachwa ni sawa na dawa iliyokwisha muda wake.
2. Kama huna uwezo wa kununua leseni, weka LibreOffice, ambayo ni ya bure na inapata masasisho. Epuka nakala za wizi; nyingi huwekwa masasisho yakiwa yamezimwa.
3. Washa masasisho ya Windows na Office. Tenga bando la usiku mara moja kwa mwezi.
4. Usiruhusu makro kwenye faili usilolijua. Tangu 2022 Excel mpya huzuia makro za mafaili yanayotoka intaneti, lakini faili likipitia kwenye flashi mara nyingi alama hiyo ya ulinzi hupotea.
5. Weka nakala ya pili nje ya kompyuta, na daftari usilitupe.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta kwa siku nne, kwa kalamu. Wewe ziba ufa leo jioni, kabla hujafungua flashi ya mtu.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye mahindi.